Hapo anasemwa nani? Namna ya kuufungua wimbo wa rock mpaka ukuelee

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa taarab haswa. Wimbo mpya ukipigwa redioni hakuwa anauliza unahusu nini, alikuwa anauliza "hapo anasemwa nani?" basi, swali lake ni hilo hilo moja. Akishajua nani anasema na nani anasemwa, embe, paka, jahazi, ua lililonyauka, vyote anakufungulia kimoja kimoja kama anachagua mchele kwenye ungo. Mi nilikuja kuipenda rock nikiwa sekondari kupitia kaseti za kaka yangu, na nimehangaika na kamusi miaka na miaka, afu siku moja nikashtuka kwamba njia niliyokuwa naitafuta nilikuwa nayo nyumbani tangu mdogo. Kwahiyo naandika haya kwa yeyote anayezipenda hizi nyimbo, anaziimba kwa nguvu zote, lakini akiulizwa zinasema nini anabaki kusema "ni mapenzi tu" au "ni mambo ya kizungu".

Kitu cha kwanza kabisa pata maneno yenyewe, na usianze kwa kuyasoma. Vaa hedifoni, sikiliza wimbo mara mbili tatu huku unaandika unachosikia kwenye karatasi hata kama ni nusu nusu. Sisi tulikuwa tunabonyeza pozi kwenye redio kaseti, tunarudisha nyuma, tunabonyeza tena, mstari mmoja unaweza kula robo saa nzima. Sikwambii uteseke hivo, ila ukiandika mwenyewe unajua ni wapi mwimbaji anameza neno, wapi anavuta, wapi anapiga kelele, na hivo vyote ni sehemu ya maana. Halafu ndo uende mtandaoni ulinganishe. Na huko nako uwe macho kwasababu maneno mengi yameandikwa na mashabiki tu, wanakosea kama mimi na wewe. Kuna wimbo wa bendi ya Creedence Clearwater Revival wa 1969, Bad Moon Rising, onyo la balaa linalokuja, mwezi mbaya unachomoza, na kuna watu kibao wamekua wanasikia kwamba anaelekeza choo kiko upande wa kulia! Imeenea mpaka John Fogerty aliyeutunga ameshawahi kuuimba hivo jukwaani kuwafurahisha watu. Sasa hao ni watu wa lugha hiyo hiyo, waliozaliwa nayo, sembuse sisi. Ukiweza pata karatasi ya ndani ya albamu au video ya bendi yenyewe yenye maneno, hiyo ndo ya kuaminika zaidi.

Ukishakuwa na maneno, usikimbilie kutafsiri neno kwa neno. Fikiria mgeni akisikia "ameona cha mtema kuni" akaanza kutafuta kuni ziko wapi, au "amekula chumvi nyingi" akadhani huyo mzee ana presha. Basi na wao wanayo ya kwao. Losing My Religion ya R.E.M. ya 1991 nimesikia hata watu wa dini wakiilaani kwamba ni wimbo wa kuasi imani, na ukiutafsiri neno kwa neno kweli ndo utafika hapo. Lakini ile bendi inatoka Athens, Georgia, kusini mwa Marekani, na kule huo ni msemo, maana yake uvumilivu umeniishia, nimefika mwisho wangu, nakaribia kupasuka. Michael Stipe anayeuimba kashaeleza kwamba ni wimbo wa mtu anayempenda mwenzie asiyempenda. Ukishajua hilo rudi uusikilize, utamsikia mtu amekaa kwenye kona anajiuliza nimesema mengi mno au nimesema kidogo, hakuna padri wala shehe humo ndani. Kwahiyo mstari ukiona haukai sawa jiulize kwanza, huu si msemo? Na ni wa watu wa wapi, maana Kiingereza cha Georgia sio cha London, kama Kiswahili cha Lubumbashi kisivyokuwa cha Mombasa.

Sasa tuje kwa swali la bibi. Nani anasema? Hapa ndo watu wengi wanapotelea, kwasababu tunadhani anayeimba ndo anayesema. Sio lazima. Mwimbaji anaweza kuvaa mtu mwingine kabisa kama mwigizaji anavyovaa kanzu ya kadhi. Nilishakaa kwenye harusi moja maharusi wanaingia ukumbini taratibu, taa zimepunguzwa, na wimbo uliowekwa ni Every Breath You Take wa The Police, watu wanafuta machozi, na mi niliumia moyoni kwelikweli kwasababu naupenda ule wimbo na najua unachosema.

Fanya hivi, chukua kalamu, pigia mstari vitenzi tu, achana na mengine yote. Utaona yule anayeambiwa ana vitenzi vingi, anapumua, anatembea, anasogea, anaongea, anavunja ahadi, anacheza michezo yake, anabaki usiku. Yule anayesema kitendo chake kinachorudi ni kimoja tu, anaangalia. Kila siku anaangalia. Afu kuna mstari anamwambia wazi kwamba wewe ni mali yangu. Yule mwanamke hajibu kitu kwenye wimbo mzima, wala hatujui yuko wapi, tunajua tu kwamba ameondoka na kuna mtu amemkodolea macho. Hebu ulete uswahilini, jirani ana mtu wake wa zamani anayesimama kila jioni kwenye kona ya mtaa anahesabu hatua zake, tungeita mapenzi hayo au tungeenda kwa mjumbe? Sting, mwimbaji wa The Police, aliuandika 1982 akiwa Jamaica, kipindi ndoa yake ya kwanza inavunjika, ukatoka 1983, na yeye mwenyewe kasema mara nyingi kwamba ni wimbo wa wivu na wa kummiliki mtu, na anashangaa watu wanaomwambia ndo uliopigwa kwenye harusi yao. Lakini angalia, mi sikuhitaji Sting aniambie, vitenzi vilishasema. Maelezo ya mtunzi yaje mwisho, kama shahidi wa kuthibitisha, sio mwanzo.

Utasema mbona gitaa ni tamu hivo? Ndio, na hapo kuna somo lingine nitalirudia kwenye wimbo wa Bruce Springsteen, mwanamuziki wa Marekani, muziki na maneno vinaweza kuvutana na mvutano wenyewe ukawa ndo ujumbe. Yule mtu anajiona ni mpenzi mwema, ndo maana muziki wake ni mtamu.

Baada ya nani, uliza lini na wapi. Wimbo ninaoutumia kumfundisha mtu yeyote hili ni Zombie wa The Cranberries, na nitakaa nao kidogo kwasababu huu ukishajua kuufungua hata mingine utaiweza. Kwetu umepigwa sana, baa, kwenye magari, redioni usiku, na watu wengi wanaimba ile korasi wakidhani ni mizimwi ya kwenye filamu, wengine wanauchanganya na Zombie ya Fela Kuti ya 1976 ambayo iliwasema wanajeshi wa Nigeria wanaotii amri bila kufikiri.

Anza na kilichopo kwenye maneno. Kuna kichwa kimeinama, kuna mtoto anachukuliwa taratibu. Kuna vifaru, mabomu na bunduki. Kuna mama moyo unamvunjika. Na kuna namba moja imekaa katikati kama msumari, 1916. Namba ikitokea kwenye wimbo usiipite, simama hapo hapo. Mtu hatii mwaka kwenye shairi kwa bahati mbaya. Ukiutafuta mwaka huo pamoja na Ireland, maana bendi ni ya Limerick, utakutana na maasi ya Pasaka ya Dublin, Aprili 1916, Waairishi waliposhika silaha dhidi ya utawala wa Uingereza, wakashindwa, na viongozi wao wakapigwa risasi. Kwa Waairishi ule ni mwaka mtukufu, kama unavyosikia wazee wakitaja Maji Maji. Sasa jiulize, huyu dada anautaja kwa kuusifu au kwa kuuchoka? Sikiliza mstari wenyewe, anasema ni hadithi ile ile tangu mwaka huo. Ile ile. Huyo amechoka.

Amechoshwa na nini? Hapo inabidi ujue wimbo ulizaliwa lini. Tarehe 20 Machi 1993, Jumamosi, mabomu mawili ya IRA, kundi la Waairishi wenye silaha waliokuwa wanapigana na Uingereza, yaliyofichwa kwenye mapipa ya taka yalilipuka kwenye mtaa wa maduka mjini Warrington, Uingereza. Mtoto wa miaka 3 alikufa pale pale, na mvulana wa miaka 12 alifariki siku tano baadae hospitali. Kesho yake ilikuwa Siku ya Mama kule Uingereza, kwahiyo ule mtaa ulikuwa na watu wanaonunua zawadi. Rudi sasa kwenye mama anayevunjika moyo uone kama unaweza kuusikia mstari ule kama zamani. Mi siwezi. Dolores O'Riordan, huyo dada anayeimba, alikuwa na miaka 21 wakati ule, akauandika huo wimbo mwaka huohuo, ukatoka Septemba 1994.

Sasa swali la bibi, anasemwa nani? Kuna sehemu anasema sio mimi, sio familia yangu. Ukisoma haraka utadhani anajitenga, kwamba yaliyotokea hayamhusu. Lakini kumbuka anayesema ni Muairishi, na waliolipua walisema wanapigania Ireland. Kwahiyo anawaambia wale wa kwao, msiniingize, hamkufanya kwa ajili yangu, mimi na nyumba yetu hatukuwatuma. Kumsema adui ni rahisi, yeyote anaweza, huyu anawasema wa kwao wenyewe, na ndo maana wimbo una uzito ule. Bibi angepiga vigelegele.

Na hilo neno zombie je? Hapa nawaomba watu wa Tanzania mtulie kidogo maana tuna neno linaloingia vizuri sana, msukule. Sio lile dubwana la filamu linalokula watu. Msukule ni mtu anayedhaniwa kafa, kumbe anatumikishwa usiku na mwingine, hana hiari, hana kauli, anatumwa anakwenda. Weka hiyo kwenye wimbo. Vita viko kichwani mwenu, anawaambia, bado vinapiganwa humo humo, na nyie mnatembea tu mnatumwa na jambo la 1916, waliolianzisha wameshakufa zamani na nyie mnaua watoto kwa niaba yao. Yani kitu kilichokufa ndo kinawatuma wazima. Nadhani hakuna tafsiri iliyonigusa kama hiyo, na isingenijia kama ningebaki na kamusi.

Usiache muziki wenyewe pia. The Cranberries walijulikana kwa nyimbo laini kama Linger na Dreams, huu gitaa linakwaruza, dramu zinagonga kama mtu anabamiza mlango. Kodi za gitaa ni nne tu zinazunguka mwanzo mpaka mwisho, haziendi popote, mi nazisikia kama lile neno "ile ile" limewekwa kwenye gitaa. Na sauti yake inavyokatika katikati ya neno, zamani Ireland wanawake walikuwa na desturi ya kulia msibani kwa kuimba, na ukishaijua hiyo huwezi kuacha kuisikia.

Kitu kingine kuhusu wimbo huu. Kwenye taarab maana haimaliziki kwa mtunzi, kuna yule anayeinuka kwenda kutunza. Mstari ukifika kwenye mke mwenza, mtu anasimama na noti yake juu, anapita mbele ya anayemlenga taratibu, na kuanzia hapo ule wimbo ni wa ugomvi wao, mtunzi apende asipende. Zombie imepata hayo. Mwaka 2023 kwenye Kombe la Dunia la raga Ufaransa, Ireland walipoifunga Afrika Kusini 13 kwa 8, uwanja mzima wa mashabiki wao waliuimba kwa furaha, Dolores mwenyewe ameshafariki tangu Januari 2018. Kukazuka mabishano, wengine wakasema huu wimbo unawasema waliopigania nchi, mnauimbaje kwenye sherehe ya timu ya taifa, wengine wakasema ni wimbo wa amani na timu ya raga inachanganya wachezaji wa kaskazini na kusini, kuna wimbo gani unaofaa zaidi? Kwahiyo ukiutafsiri wimbo angalia pia nani ameinuka nao baadae. Ila usichanganye, maana ya alipouandika ni moja, maana ya walipouinua ni nyingine, ziandike mbalimbali.

Nilisema nitarudi kwa Springsteen. Born in the U.S.A., 1984. Ukiisikia kwa mbali ni sherehe tupu, ngoma kubwa, kinanda kinapiga kama tarumbeta za gwaride, na korasi ni mtu anatangaza kwa kifua kwamba amezaliwa Marekani. Septemba ya mwaka huohuo Rais Reagan akiwa kwenye kampeni Hammonton, New Jersey, alimtaja Springsteen na kusifu ujumbe wa matumaini kwenye nyimbo zake. Sasa hapa kanuni ni nyepesi, usisome korasi kabla ya vesi, yani beti. Korasi ni ile inayobaki kichwani, vesi ndo zinaeleza kwanini mtu anapiga kelele.

Vesi zinasema nini? Mtu kazaliwa kwenye mji uliokufa, anapigwa na maisha tangu anaanguka chini mpaka anakuwa kama mbwa aliyezoea kipigo. Anapata kesi ndogo kwao, anapewa bunduki anapelekwa Vietnam kuua watu. Anarudi, anaenda kiwandani kuomba kazi, anayeajiri anamwambia mwanangu, ingekuwa juu yangu ningekuchukua. Anaenda ofisi ya maveterani, na huyo nae anamwambia mwanangu, huelewi? Angalia hapo kwa karibu sana, wote wawili wanamwita mwanangu. Neno la upole kabisa, neno la mzazi, na wote wawili wanalitumia wakati wanamfungia mlango. Sisi tunaijua hiyo sauti, kila aliyewahi kuzungushwa ofisini anaijua, "mwanangu njoo kesho".

Kisha kuna ndugu yake aliyepigana Khe Sanh, ile kambi ya Wamarekani iliyozingirwa 1968. Anasema wale maadui bado wapo, yeye hayupo. Na baada ya hapo kwa muda hakuna maneno. Unategemea mstari wa kumalizia, bendi inapiga tu, nafasi iko wazi. Mashimo kama hayo yatafute kwenye kila wimbo, mahali ambapo mstari ulitakiwa kuwepo na haupo, maana mtunzi mzuri anajua pa kunyamaza. Ukimaliza kuzisoma hizo vesi rudi kwenye korasi, maneno ni yale yale ila sasa ni mtu anayedai, nimezaliwa hapa, kwanini mnanitendea hivi? Na kama bado una shaka tafuta toleo alilorekodi 1982 na gitaa peke yake, lilitoka 1998 kwenye mkusanyiko wa Tracks, humo hakuna gwaride, kuna mtu mpweke na usiku. Hii mbinu ya kutafuta toleo lingine la wimbo huohuo inasaidia sana, tumia bando lako hapo kuliko kusoma komenti mia mbili za watu wanaobishana.

Mwisho kuna nyimbo ambazo mtunzi kafunga mlango na ufunguo kaondoka nao. Freddie Mercury alizaliwa Unguja, Septemba 1946, jina la nyumbani Farrokh Bulsara, familia yake ikahamia Uingereza 1964 baada ya mapinduzi. Mwaka 1975 bendi yake ya Queen ikatoa Bohemian Rhapsody, karibu dakika sita, na katikati ya ile vurugu ya sauti kuna "Bismillah". Kila Mzanzibari nliyemsikilizisha anatabasamu hapo, anasema si unaona, huyu wetu! Na mi natamani iwe hivo. Lakini familia yake walikuwa Waparsi wa dini ya Zoroasta, na shule alisoma India miaka mingi, na maana ya ule wimbo alikataa kuieleza mpaka anafariki 1991. Hapo inabidi tuwe waaminifu, kwamba alikulia mji ambao neno hilo linasikika kila saa ni kweli, kwamba ndo sababu ya kuliweka ni dhana yetu.

Ndo maana mi nachora mistari miwili kwenye daftari, napata vyumba vitatu. Cha kwanza kilichopo kwenye maneno, cha pili kinachojulikana nje ya maneno, cha tatu ninachodhani. Cha tatu hakikatazwi kabisa, msukule wangu wa Zombie anakaa humo na simtoi, ila asihamie cha pili kimya kimya.

Chini yake naandika sentensi moja ya Kiswahili, fulani anamwambia fulani kwamba hivi na hivi. Kama sehemu mbili za mwanzo siwezi kuzijaza narudi kusikiliza. Every Breath You Take: mwanaume aliyeachwa anamwambia aliyemwacha kwamba hutanitoka machoni. Zombie: binti wa Limerick anawaambia wanaoua kwa jina la nchi yake kwamba hamkutumwa na sisi, mmetumwa na wafu. Born in the U.S.A.: askari aliyerudi anaiambia nchi yake kwamba mimi ni wako, mbona hunijui. Bohemian Rhapsody: kijana aliyeua anamwambia mama yake kwamba, na hapo kwangu pamebaki patupu, nimeandika kwa penseli na kufuta mara nyingi mpaka karatasi imetoboka.